Uliza Yaya: Wamenichagua kwenye debati, naanzia wapi?

Jambo Yaya. Miye niko mwanafunzi wa L1 droit (mwaka wa kwanza wa sheria) hapa UNILU, universite ya Lubumbashi, nakaa Katuba. Promosyo yetu inatuma timu mu mashindano ya debati na batu balinichagula miye na rafiki yangu mumoja, eti juu tunapendaka kubishana. Lakini kubishana ku kantini na kusema mbele ya juri haina kintu kimoja. Balituambia ni ile siteme ya bunge ya Waingereza, tutakuwa Serikali ya kwanza, na mada ni hii: "Bunge hili litakataza kusafirisha kobalti ambayo haiyasafishwa mu inchi." Tuko na wiki mbili. Bale bengine beko na Kifaransa kikubwa sana, miye nikisimama tu magoti inaanza kutetemeka. Naanzia wapi? (Mwanafunzi, Katuba)

Mudogo wangu, magoti itatetemeka na utasema vilevile, hiyo tuiache. Tuanzie namna chumba kinapangwa, juu mtu ambaye hajui anakaa upande gani hawezi kujua aseme nini.

Siteme hiyo iko na timu nne za watu wawili wawili, mbili upande wa Serikali na mbili upande wa Upinzani, na kila mtu anasema dakika 7, mara moja tu, basi. Mmoja wenu ni Waziri Mkuu, njo anafungua debati yote, mwingine ni naibu wake. Mnaenda zamu kwa zamu, Serikali, Upinzani, Serikali, Upinzani, mpaka watu wanane wamalize. Na kuna kitu wengi hawakishike mwanzoni: ile Serikali ya pili iko upande wenu, hairuhusiwe kuwapinga, lakini mnashindana nayo pia, juu juri inapanga timu zote nne, ya kwanza inapata pointi 3, ya pili 2, ya tatu 1, na ya mwisho inarudi nyumbani na zero. Donki inawezekana upande wa Serikali usadikishe watu na nyinyi mkakuwa wa tatu, ikiwa wale wa nyuma yenu walisema vizuri kuliko nyinyi.

Kawaida mada inatolewa dakika 15 tu kabla ya kuanza, hakuna telefone, hakuna Google, ni kichwa chako na karatasi. Nyinyi mko na wiki mbili. Ni bahati lakini ni mtego pia, juu watu wakipewa muda mrefu wanaandika diskur ya kurasa sita, wanaikariri usiku na mchana, alafu siku ile Upinzani unasema kitu kimoja ambacho hakiko kwenye karatasi na wanabaki macho wazi. Usiandike diskur. Andika hoja zako kwa maneno machache, na pembeni ya kila hoja andika vile mtu mwenye akili atakavyoipinga.

Kazi ya kwanza ya Waziri Mkuu ni kueleza mada. Sio kufungua diksionere na kusoma "kobalti ni metali ya rangi fulani", hapo juri inapumzika tu. Eleza mnataka kufanya nini. Leo kobalti yetu inatoka sana sana kama hidroksidi, ule unga ambao umeshapita kazi ya kwanza kwenye viwanda vya huku kwetu lakini haujafika kiwango cha kuingia kwenye batri, na kazi ya mwisho sehemu yake kubwa inafanyikaka China. Sasa nyinyi mnakataza hidroksidi pia, ao mnakataza tu mawe na konsantre, yale mawe yaliyosagwa na kuchambuliwa kidogo tu? Mkisema mawe na konsantre, Upinzani utawacheka, juu hiyo Leta (serikali ya inchi) ilishaikataza kwenye karatasi toka 2013. Mnaanza lini, kesho ao baada ya miaka mitano? Kampuni ambayo iko na mkataba itafanya nini? Pesa ya kujenga kiwanda inatoka wapi? Jibu hayo kwa dakika moja na nusu, waziwazi, bila kuzunguka, alafu ingia kwenye hoja. Waziri Mkuu akiacha shimo hapa, watu saba wanaomfuata watakuwa wanabishana juu ya mambo tofauti na yeye njo atalipa.

Hoja yenyewe sasa. Unasema kitu, unaeleza juu ya nini ni kweli, unaonyesha pahali kilishatokea, alafu unasema kinabadilisha nini kwa nani. Sisi watu wa huku tuko wakali kwenye kusema kitu na kwenye kulia mwisho, ile ya katikati njo tunairuka. "Tukisafisha hapa, vijana watapata kazi!" Sawa, namna gani? Kiwanda cha kusafisha kinatumia mashine kuliko mikono, kazi gani unasema, ya wangapi, ya wale wamesoma kemia ao ya wale wanachimba na nyundo? Ukishindwa kujibu, hiyo hoja ni kelele tu, iache.

Chukua nyingine ambayo iko na nguvu zaidi. Congo inatoa karibu robo tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, donki mnunuzi hawezi kusema leo kwa leo "naenda kununua kwingine", atanunua wapi? Mfano uko: Februari 2025 Leta ilisimamisha kabisa kutoa kobalti, ikaongeza muda, Oktoba ikaweka kota (kipimo cha mwisho cha kutoa), na bei ilipanda. Hapo umeonyesha kwamba tuko na sauti sokoni. Lakini simama kidogo, umeonyesha bei, haujaonyesha kiwanda! Bei kupanda na kiwanda kujengwa ni mambo mawili, na juri yenye akili itaona mara moja ulivyoruka. Njo hapa unaleta Indonesia: walikataza kutoa nikeli ghafi mwanzo wa 2020, na viwanda vya kuyeyusha vikajengwa kwao, pesa nyingi ya Wachina, juu aliyekuwa anahitaji ile nikeli hakuwa na njia ingine. Sasa umefunga: tuko na nguvu sokoni, nguvu hiyo inaleta muwekezaji, na kuna pahali ilishafanyika. Hoja moja ya namna hii inakula dakika tatu na inashinda hoja tano za kukimbia. Mbili zinakutosha. Naibu wako atachukua ya tatu, kama iko.

Kisha hama kabisa, kaa siku nzima upande wa Upinzani. Siku nzima, sio dakika tano. Ningekuwa miye Upinzani ningekuja na umeme tu. Kusafisha metali kunakula umeme mwingi, na mtu wa Lubumbashi hahitaji takwimu kujua SNEL, kampuni ya umeme ya Leta, iko namna gani. Migodi yenyewe inanunua umeme kule Zambia, na 2024 Zambia ikapata ukame mkali, maji ya bwawa la umeme la Kariba yakashuka, hata wao wakakaa giza. Alafu ningewapiga na ile 2013: Leta ilikataza kutoa konsantre ya shaba na ya kobalti, kisha ikarudi kutoa ruhusa, na tena ruhusa, juu umeme haukutosha kusafishia hapa. "Mlishajaribu, mkashindwa, sasa kimebadilika nini?" Hiyo swali itakuja, weka hata franga yako. Na wengine watasema mkibana sana, watengenezaji wa magari watakimbilia zile batri za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti hata gramu moja, na Indonesia iko inaongeza kobalti yake pia.

Jibu lake linatayarishwa nyumbani. Neno ambalo litakuokoa ni "hata kama". Hata kama umeme ni kidogo leo, sisi tumesema sheria inaanza baada ya miaka mitano na kampuni inajua toka leo, donki inajenga sola yake ao inalipia kituo, kitu ambacho haitafanya kamwe ikiwa mlango wa kutoa unga uko wazi. Unaona? Haukusema umeme upo. Ukidanganya kwamba umeme upo, umekwisha, kila mtu mle ndani alipiga pasi na makaa asubuhi ile. Unakubali tatizo na unaonyesha kwamba mpango wenu njo unasukuma watu kulitatua. Na kwa batri zile zingine, waulize: zinakuja kwa sababu yetu ao zinakuja hata tukikaa kimya? Kama zinakuja hata hivyo, hiyo ni sababu ya kufanya haraka na sio ya kungoja.

Kuhusu maswali. Dakika ya kwanza na ya mwisho ya kila mtu zinalindwa, hakuna kumkata. Katikati hapo mtu wa upande mwingine anaweza kusimama kuomba swali, na wewe uko na haki ya kumkubali ao kumkalisha na mkono, akikubaliwa anasema sekunde 15 tu. Pokea moja, labda mbili. Ukikataa zote juri itaandika kwamba unaogopa, ukipokea tano diskur sio yako tena. Na tafadhali, ile tabia ya mikutano yetu ambapo mtu akikasirika anapiga meza na kulalamika "motion d'ordre! motion d'ordre!", uiache nje ya mlango. Unasimama, unangoja, akikataa unakaa, na uso wako ubaki muzuri.

Kifaransa kikubwa... haki niko nachoka na hii mambo. Watu wanafikiri debati ni mashindano ya subjonctif na gramere ngumu ya Kifaransa. Juri inaandika hoja na majibu, haiandike maneno marefu, na mara mingi yule wa maneno marefu dakika yake ya saba inafika bado anasalimia wakubwa waliokaa mbele. Mashindano ya dunia ya vyuo yalianza Glasgow mwaka 1981 na Afrika yalishapita Stellenbosch 2003, Gaborone 2011 na Cape Town 2019, yanafanyika kwa Kiingereza, na kule wale ambao Kiingereza sio lugha ya nyumbani wana fainali zao za pekee. Donki tatizo lako linajulikana dunia nzima. Wewe fikiri kwa Kiswahili. Miye ningefanya hivi: wewe na rafiki yako mbishane kwanza hoja zote kwa Kiswahili mpaka zishike, ya Kifaransa ije wiki ya pili, na sentensi fupi. Mtu ambaye amemwelewesha mama yake kobalti kwa Kiswahili hatashindwa mbele ya juri.

Mazoezi ni ya sauti, sio ya macho. Weka kronometa ya telefone, simama, sema dakika 7 nzima, rekodi, sikiliza (utajichukia, ni kawaida). Kwanza utaishiwa na maneno kwenye dakika ya tatu, hapo usiongeze stori, rudi kuuliza "juu ya nini?" kwenye kila kitu ulisema na dakika zitajaa zenyewe.

Yaya, jambo. Miye ni mzazi wa Kamalondo. Binti yangu yuko 5ème ya humanités (sekondari), walimu wamewapanga kwa debati na yeye amepewa kutetea hukumu ya kifo. Sisi ni watu wa kanisa, hiyo kitu hatuiamini hata kidogo. Nilitaka kwenda kumtoa. Ni sawa kufundisha mtoto kutetea kitu ambacho ni kibaya? (Papa wa Kamalondo)

Papa, nimekusoma vizuri na swali yako sio ya kijinga, wazazi wengi wanaiwaza bila kuiandika. Kwenye debati ya masomo upande unapigiwa kura ya bahati, mtoto hachague. Hakuna anayemwapisha. Kila mtu ndani ya chumba anajua kwamba anacheza upande aliopewa, na wiki ijayo wanaweza kumpa upande mwingine.

Na mada hiyo haikutoka hewani. Inchi yetu ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kuua waliohukumiwa, toka 2003, na Machi 2024 Leta ikaondoa ule usimamisho, donki ni mambo ambayo binti yako ataombwa kuyapigia kura akiwa mtu mzima. Mimi nasema hivi: mtu ambaye hajawahi kusikia hoja nzuri ya upande wa pili, imani yake siku akiisikia ya kwanza inayumba. Usimtoe, Papa. Mwambie akuletee nyumbani hoja zake zote, mkae mezani, na wewe ukuwe Upinzani. Mpige maswali kabisa, ya kanisa na ya dunia. Je, mahakama zetu zinakosea? Aliyeuawa kwa makosa anarudishwa namna gani? Atatoka pale anajua upande wako kuliko wale waliopewa kuutetea.

Kitu kimoja nitakuunga mkono: mwalimu anatakiwa kujua darasa lake. Kama mule ndani kuna mtoto ambaye watu wa kwao waliuawa, mada hiyo ingekuwa ya kuchagua kwa akili, na mzazi akienda kumwambia mwalimu polepole, pembeni, bila makelele, hiyo haina vibaya.

Yaya habari. Tuko Likasi, tuko finaliste (mwaka wa mwisho wa sekondari), tunataka kufungua klabu ya debati lakini hatuna franga, hatuna vitabu, na ile ya watu wanane inatuzidi. Hakuna nyepesi? (Vijana wa Likasi)

Iko. Inaitwa debati ya Karl Popper, jina la mwanafalsafa mmoja, ilitengenezwa 1994 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari hasa. Timu mbili tu, watu watatu kila timu. Wa kwanza wa kila upande anasema dakika 6, wanaofuata dakika 5 kila mmoja, na raha yake iko hapa: katikati kuna dakika 3 za kuhojiana, mtu wa timu hii anamuuliza uso kwa uso aliyetoka kusema, na yule analazimika kujibu. Kwa watu wanaoanza naiona ni nzuri kuliko ile ya bunge, juu mtu hawezi kujificha nyuma ya diskur aliyokariri. Swali tatu tu na unajua kama anaelewa.

Mnahitaji darasa tupu baada ya masomo, telefone moja ya kuangalia saa, na mwalimu mmoja mvumilivu. Franga ya nini? Mada zichukueni nyumbani: elimu ya msingi ya bure iliyoanza 2019, iendelee vile iko ao wazazi wachangie kidogo ili walimu walipwe vizuri? Katiba inasema bure, kifungu cha 43, donki upande mmoja tayari uko na pahali pa kusimama na mwingine lazima ufikiri kwa nguvu. Msianze na siasa ya watu na majina yao, mtapigana bure na klabu itafungwa mwezi wa kwanza. Na pangeni toka siku ya kwanza kwamba wasichana wanasema, sio wanaandika matokeo ubaoni. Naona hiyo sana na inaniudhi.

Yaya, tulienda mu mashindano fulani hapa mjini, tulikuwa Serikali ya pili. Tulisema kwa nguvu zaidi yale Serikali ya kwanza ilisema, salle nzima ilitupigia makofi, batu banasimama, na juri ikatuweka ba mwisho! Hii haina wizi? (Mwenye hasira, Kampemba)

Pole, lakini kelele za mashabiki wa Mazembe hazijawahi kuandikwa kama goli. Juri inajiweka kama raia wa kawaida mwenye akili, anayefuatilia habari lakini sio mtaalamu, na inauliza nani amemsadikisha zaidi, basi. Makofi haiyaandike.

Umeniandikia kwa barua yako kwamba mlisema "kwa nguvu zaidi" yale Serikali ya kwanza ilisema. Hapo njo pahali mlipotea. Timu ya pili inatakiwa kuleta kitu kipya, hoja ambayo wa kwanza hawakuigusa, ao kuchimba ile walipita juu juu mpaka ionekane kama mpya. Kurudilia kwa sauti kubwa ni kuwapigia kampeni wenzenu. Na yule wenu wa mwisho, kazi yake haikuwa kuleta hoja ya dakika ya mwisho, alitakiwa kukusanya debati yote na kuonyesha mapigano makubwa yalikuwa wapi na nani aliyashinda. Kama alileta hoja mpya pale, pengine haikuwasaidia kitu, hata kama ilikuwa tamu.

Wizi unaweza kuwepo, sikatae, juri ni watu. Lakini kabla ya kulalamika kuna kitu cha kufanya: baada ya matokeo juri inaeleza kwa mdomo sababu zake, na mara mingi unaruhusiwa kumfuata mkubwa wa juri na kumuuliza. Usimuulize "juu ya nini tulipoteza", atakupa maneno ya heshima tu. Muulize hoja gani yenu aliiandika na alihesabu namna gani na ile ya waliokuwa wa tatu. Nenda na karatasi yako na rafiki yako mmoja, ile salle nzima iliyopiga makofi iache nyumbani.